Jina Lililopitia Dirishani

Miaka kumi na tisa nimeushonea usharika wetu majoho ya kwaya. Kwaya kuu, kwaya ya vijana, kwaya ya akina mama, na hiyo ya akina mama nimeishonea mara mbili kwa sababu walinenepa. Kanzu ya mchungaji aliyepita niliipunguza mikono mimi. Kitambaa cha madhabahuni cha wakati wa Majilio nilikidarizi kwa mkono mpaka macho yakavimba. Kwa hiyo siku katibu wa baraza la wazee aliponitazama juu ya miwani yake akaniuliza kama nina uthibitisho wowote kwamba nimebatizwa, nilimwomba arudie swali. Akalirudia polepole, kama anayesema na kiziwi. Suruali aliyovaa niliipinda mimi.

Chanzo chake kilikuwa mjukuu wangu. Binti yangu, mwalimu wa chekechea hapa Lushoto, alipata mtoto bila ndoa. Mwenye mtoto ni kijana wa kazi za misitu aliyekuwa Magamba, akahamia Kwamkoro, na tangu ahamie huko simu yake haipatikani. Katika usharika wetu msichana akizaa hivyo anawekwa chini ya marudi. Hashiriki chakula cha Bwana, haimbi kwaya, anakaa benchi la mwisho karibu na mlango, mpaka siku atakapofika mbele ya wazee, atubu, afundishwe, ndipo arudishwe kundini. Mtoto hana kosa, wanasema, basi mtoto anabatizwa. Ila mama yake haruhusiwi kumleta mbele. Analetwa na Mkristo mwingine asiye na doa, ndiye anayesimama, ndiye anayejibu maswali, ndiye anayetaja jina.

Mkristo asiye na doa nilikuwa mimi. Na niseme kweli hapa, maana nimekwisha kuchoka kujipamba: kuhusu binti yangu kukaa nyuma sikuwa na ugomvi na mtu yeyote. Nilimwambia maji yakimwagika hayazoleki, aende kwa wazee amalize. Akasema atatubu kwa Mungu, si kwa wanaume sita wanaotaka kujua ilikuwa wapi na mara ngapi. Nikamwambia ana kiburi. Tukakaa nyumba moja wiki kadhaa tukizungumza kupitia kwa mtoto. Nilikuwa nikimwambia mjukuu wangu wa miezi mitano amwarifu mama yake kwamba chakula kiko mezani, na mama yake alikuwa akimtuma kunijibu kwamba hana njaa.

Ugomvi wangu na baraza ulikuwa mwingine kabisa. Usharika ulikuwa umeamua kuhamishia madaftari yake kwenye kompyuta, na katika safu ya jina langu, penye tarehe ya ubatizo, hapakuwa na kitu, na asiye na ubatizo ulioandikwa hawezi kusimama na mtoto. Ndoa ipo, kipaimara kipo, ubatizo hakuna. Mchungaji wa zamani aliyetufungisha ndoa, mimi na marehemu mume wangu, alinijua kwa sura, akaona kuandika ni kazi bure. Cheti sikuwa nacho. Mama yangu, Mungu amrehemu, kila nilipomuuliza alisema kimepotea, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayefunga mlango. Nilibatizwa katika mtaa mdogo wa kanisa, bondeni, upande wa Mlalo. Nikapiga simu huko. Mwinjilisti akaniambia daftari la miaka ile lipo, ila mchwa wamelila kuanzia jalada hadi katikati, na mimi nilikuwa katika sehemu iliyoliwa.

Katibu alipata suluhisho mara moja. Alikuwa na furaha ya mtu aliyepata suluhisho. Akasema nibatizwe tu upya, siku ya kazi, kimyakimya, watu wasijue, maji hayana gharama.

Sikulala vizuri kwa hasira. Miaka hamsini na miwili nimekuwa Mkristo, nimefunga, nimezika mume kwa nyimbo, nimekesha na wagonjwa wa watu, halafu naambiwa maji hayana gharama. Nilipokuwa nashona nilikuwa nakanyaga cherehani kwa nguvu mpaka uzi unakatika. Kilichoniuma kuliko maneno yake ni kwamba niliogopa. Kama yale maji hayakuwahi kunigusa, basi nilikuwa nani siku zote hizo? Nilikuwa mshonaji tu aliyezoea kwenda kanisani? Nilimwambia Mungu pale pale kwenye cherehani kwamba nimechoka, na kama ananijua angefanya vizuri kuwajulisha na wazee wake.

Mchungaji wetu ni kijana, ana hofu ya wazee, lakini theolojia anaijua. Alisema mtu habatizwi mara mbili. Kama hakuna karatasi, atafutwe shahidi aliyekuwepo. Wengi waliokuwepo wamekufa. Aliyebaki ni mama yangu mdogo, mdogo wake mama, anayeishi ng'ambo ya Mlalo. Nikalitaja jina lake kwenye baraza, nikaongeza kwamba aliolewa na Mwislamu, akasilimu, yapata miaka arobaini na zaidi.

Huku kwetu milimani hilo si habari. Ukoo mmoja una masheikh na wainjilisti, Idi tunakula kwao, Krismasi wanakula kwetu, na masufuria yanayozunguka ni yale yale. Lakini ndani ya baraza likawa habari. Walijadili kikao kizima kama Mwislamu anaweza kushuhudia ubatizo wa Mkristo. Mzee mmoja alisema ushuhuda wake una walakini. Nikamuuliza, je, siku ile alitazama kwa macho au kwa dini? Katibu akaniambia nisiwajibu wazee hivyo, na kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, akaliacha neno hilo likae mezani ili kila mtu aone limemlenga nani. Nikaomba radhi. Nilikuwa nahitaji sahihi yake.

Nikachukua basi la asubuhi. Mama mdogo nilimkuta uani amekaa juu ya gunia, anapiga maharage kwa fimbo. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaninyooshea fimbo nyingine. Nilimweleza shida yangu mara tatu. Mara zote tatu alisema tumalize kwanza haya maharage. Nilikuwa nimevaa gauni la kutokea. Tulipiga, tukapepeta, tukachambua mawe, na mimi nikiangalia saa kwa sababu basi la kurudi ni moja. Tangu utoto wangu mama huyu hajawahi kuharakishwa na mtu, na nilimkasirikia kwa hilo pia.

Maharage yalipoingia ndani ya gunia akanawa mikono, akakaa, akavuta ushungi wake vizuri.

"Ubatizo wako naujua," akasema. "Mimi ndiye niliyekubeba. Mama yako alikuwa nje."

Nikamuuliza nje wapi.

"Nje ya kanisa, mwanangu. Dirishani, kwenye manyunyu. Alikuwa chini ya marudi."

Nilidhani amechanganya na mtu mwingine, nikamwambia hivyo. Hakuchukia. Akanieleza kwamba baba alimuoa mama nilipokuwa nimekwisha kutembea, na kabla ya hapo mama alikuwa msichana aliyezalia nyumbani, anakaa nyuma, hasemeshwi. Bibi alikataa kunipeleka kanisani kwa aibu. Akabaki yeye, mndee, msichana wa miaka kumi na mitano, aliyepata kipaimara Pasaka ile ile, viatu vya kuazima. Mama alimkaririsha jina langu kuanzia mlangoni kwao hadi mwisho wa mteremko. Kanisani mchungaji akauliza mtoto anaitwa nani, na yeye, mbele ya macho yale yote, akasahau. Akatafuta jina kichwani akakuta hakuna kitu. Mchungaji akauliza tena. Wazee wakaanza kukohoa.

"Ndipo mama yako akalitaja kutoka nje," akasema. "Alilipigia kelele dirishani. Mzee mmoja akainuka kwenda kumfukuza, lakini mchungaji alikuwa ameshasikia, akachota maji."

Nilikasirika, na sikujua nimkasirikie nani. Nilianza na mama. Mwanamke aliyenichapa kwa kuchelewa ibada, aliyenikagua kucha kabla ya shule ya Jumapili, alinificha jambo hili mpaka akaingia nalo kaburini. Kisha nikawakasirikia wale wazee wa zamani, lakini wote wamekufa, na kumkasirikia maiti ni kujichosha. Nikawa nazunguka na hasira yangu nikitafuta pa kuiweka. Mama mdogo alinitazama, halafu akaniuliza taratibu, kwamba huyo mjukuu wangu nitakapombeba mbele, mama yake atakuwa amekaa wapi.

Nikasema huo ndio utaratibu.

"Utaratibu huo naujua," akasema. "Niliubeba kwa mikono hii."

Akainuka kwenda kunitilia chai, na mimi nikabaki nimekaa na jibu langu. Watu husema mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu, na mimi nimewasemea wengine methali hiyo mara nyingi mno, kwa raha. Walipoigusa karatasi yangu niliwaka moto. Walipomweka binti yangu mlangoni nilimwambia apunguze kiburi. Nilikuwa nimeihesabu imani yangu kama kitu nilichokishona mwenyewe, pindo limenyooka, hakuna uzi unaoning'inia. Kumbe niliingizwa kwa Mungu na mtoto mwenye viatu vya kuazima aliyesahau anachotakiwa kusema, na kwa sauti ya mwanamke ambaye hakuruhusiwa kuwa ndani. Sikuwa na doa kwa sababu mtu mwingine alisimama kwenye manyunyu akalibeba. Nililia mbele ya chai. Basi la kurudi likaniacha, nikalala huko.

Wiki iliyofuata mama mdogo alikuja Lushoto na ushungi wake, akakaa mbele ya baraza. Katibu alitaka ashike Biblia kwanza. Akajibu kwamba kweli yake anaijua bila kushika kitu. Walimuuliza kama alikuwepo, akasema ndiyo. Kama maji yalitumika, ndiyo. Kwa maneno gani? Akayasema, kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, bila kukwama, mpaka mzee mmoja akaitikia amina kwa mazoea. Habari ya dirisha hakuigusa. Aibu ya maiti aijuaye ni mwosha, na yeye alikuwa ameiosha miaka yote hiyo. Wakaandika, wakagonga muhuri, na katibu akanipa mkono akanipongeza, kana kwamba nimezaliwa siku hiyo.

Nilijaribu kuzungumza nao juu ya binti yangu nikiwa bado nimeketi pale. Mchungaji alitazama meza. Katibu akasema tusichanganye mafaili.

Jumapili nikakaa benchi la mbele na mtoto, amevaa gauni jeupe nililomshonea. Binti yangu alikuwa nyuma karibu na mlango, kama walivyomwelekeza. Asubuhi hiyo alinisaidia kumvisha mtoto, akamfunga vifungo vyote, akasema tu nisimshike kichwa vibaya kwa sababu huwa hapendi. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu moja kwa moja kwa siku nyingi.

Mchungaji akaita wenye watoto wa kubatizwa. Nikainuka. Badala ya kwenda mbele nikageuka, nikatembea katikati ya mabenchi kuelekea mlangoni, na viatu vyangu vilikuwa na kelele kuliko nilivyopenda. Kwaya ya akina mama ilikuwa ikiimba. Ikapoteza sauti ya pili, kisha ya kwanza. Nikamfikia binti yangu nikamwekea mtoto mikononi. Aliniambia kwa kunong'ona kwamba watatutoa.

"Basi watutoe wote watatu," nikamwambia. "Simama."

Alisimama. Tukaenda, yeye na mtoto, mimi pembeni nimemshika kiwiko, sijui kama ni kumshikilia yeye au mimi nisianguke. Katibu aliinuka nusu. Nilipita mbele yake bila kumtazama. Mbele, mchungaji alikuwa amekishika kile kikombe cha kuchotea maji, anatazama benchi la wazee, halafu sisi, halafu tena benchi. Nikamwambia kwamba mdhamini ni mimi, imeandikwa na imepigwa muhuri, na huyu ndiye mama wa mtoto. Nilimhurumia kidogo, kijana wa watu. Kisha akafungua kitabu chake.

Akaniuliza mimi, kwa kuwa ndiye niliyeandikwa, mtoto huyu anaitwa nani.

Watu wanaonijua watakwambia sijawahi kukosa jibu. Nikafunga mdomo. Akauliza mara ya pili, akinitazama, na nyuma yetu wazee wakaanza kukohoa. Binti yangu akanigeukia kwa hofu, akaona sitasema, akamgeukia mchungaji. Akalitaja jina la mwanawe, chini kwa chini mwanzoni, na mchungaji alipomwomba arudie akarudia kwa sauti iliyojaa kanisa, na maji yakachotwa.