Matairi ya Theluji kwenye Tope la Kamuli

Gari lilipofika kutoka Japani, sikutazama injini wala viti. Niliinama nikatazama matairi. Nimekaa miaka mingi kwenye ghala la kahawa la chama chetu cha ushirika, nimeona malori yakinasa kila msimu wa mvua, na nilijiona mjuzi wa jambo hilo moja.

Gari lenyewe ni dogo, la aina ile iliyoinuka kidogo kuliko teksi lakini haijafikia kuwa gari la porini. Mwanangu wa kiume ndiye aliyeniagizia, ili nisihangaike uzeeni. Lilikuja na matairi liliyokuwa likitumia huko kwao: mpira mweusi, laini, umechanjwa chale nyembamba kila mahali kama zilizopitishwa wembe. Ubavuni palichorwa mlima wenye chembe ya theluji, na pembeni yake herufi mbili, M na S. Binti yangu alitafuta kwenye simu akaniambia kwa Kiingereza M ni tope na S ni theluji.

Nikasema, basi, theluji hatuna, lakini tope tunalo la kugawia majirani.

Jirani yangu ana duka la vipuri pale Omurushaka. Babu zake walitoka pwani, na yeye amezaliwa hapahapa, anasema Kinyambo vizuri kuliko watoto wangu. Ana gari kama langu, ila amelivalisha matairi ya kashata, yale yenye meno makubwa yaliyoachana. Jioni moja tuliyaegesha magari sambamba mbele ya duka lake tukaanza kuyalinganisha, na watu waliokaa barazani wakasogea.

Lake likitembea kwenye lami linalia kama mashine ya kusaga. Langu kimya. Lake linarusha abiria hata kwenye kokoto. Langu kama unakanyaga godoro. Nilihesabu hayo yote kuwa ushindi.

Jirani akachuchumaa, akabonyeza tairi langu kwa ukucha. Ukucha ukaacha alama.

"Mzee wangu, haya ni ya nchi ya baridi. Huko mpira wa kawaida unakuwa mgumu kama jiwe, ndiyo maana wakaulainisha huu. Hapa jua likiwaka utalika kama sabuni. Na hizi chale, udongo wetu ukiingia hautoki. Utakuwa na vipara vinne."

"Imeandikwa tope hapa. Hujui kusoma?"

"Tope la nani? La kwao au la Kamuli?"

"Wewe unataka kuniuzia yako ya dukani."

"Nataka, ndiyo. Nina watoto wanakula. Lakini hilo haliyafanyi yako kuwa mazuri."

Watu wakacheka. Nami nikaondoka nimekasirika, na tangu jioni ile sikuwa tena naangalia matairi. Nilikuwa naangalia nani atanicheka.

Mwaka huohuo binti yangu akaposwa. Hapa lazima nieleze jambo. Mama yake alifariki binti akiwa bado anatambaa, na aliyemlea mpaka akaanza shule ni dada yangu mkubwa, anayeishi Kamuli, kwenye migomba na kahawa ya marehemu mumewe. Kwetu wageni wa posa hawafungui maneno mpaka shangazi wa binti awapitishie kikapu cha kahawa ya kutafuna. Akishakula punje ya kwanza na mkubwa wa wageni akala ya pili, ndipo mazungumzo yanaanza. Ni kazi ya shangazi, na dada yangu alikuwa ameingojea tangu alipombeba mtoto yule mgongoni. Kahawa aliichuma mwenyewe, akaichemsha na majani yake ya harufu, akaianika kwenye ungo, akaifunga kwenye jani la mgomba.

Nyonga yake ni mbovu, bodaboda inamuumiza. Jirani alisema atamfuata. Nilimkatalia mbele ya watu. Nikasema dada yangu atachukuliwa na gari la kaka yake.

Asubuhi ya siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha, halafu jua likatoka kali. Kwenye lami nilisikia usukani mwepesi kuliko kawaida, na nilipokanyaga breki kumpisha mbuzi, gari lilichelewa kusimama. Nilisikia. Sikutaka kusikia. Lami ilipoishia nikaenda polepole, na nilifika Kamuli nimechelewa, wageni wakiwa tayari njiani kwenda kwangu.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Nilidhani umekwenda kulichukua gari Japani." Alikuwa amekaa kizingitini, kitenge kipya, shali mabegani, kifurushi mapajani. "Haya, nipandishe, mtoto wangu ananingoja."

Hatujatoka kijijini simu ikaita. Binti yangu. "Baba, wageni wamefika. Mmefika wapi? Jirani anasema yuko tayari kuja kuwapokea kokote mlipo."

"Tunakaribia," nikasema. "Mwambie akae."

Dada akanigeukia. "Tunakaribia wapi? Ule si mgomba wangu?"

Kila mtu kwetu husema tunakaribia, hata akiwa bado anafunga viatu. Mimi nililisema ili jirani asiwashe gari lake.

Baada ya hapo kuna mlima, niliokuwa nimeushuka wakati wa kuja. Udongo wake mwekundu ukilowa unateleza kama ngozi ya ndizi mbivu. Tulipofika katikati, magurudumu yakazunguka bila kwenda popote, kisha gari likaanza kurudi lenyewe kwa ubavu, taratibu, kama mtu anayeondoka shereheni bila kuaga. Likatua mferejini, limeegemea migomba. Nilishuka kutazama. Zile chale hazikuonekana hata moja. Udongo ulikuwa umezijaza na kuzifunika, na matairi yalikuwa mviringo wa tope, laini kama chungu kabla hakijachomwa.

Mwanamke mmoja aliyetoka kulima akasimama na jembe lake begani. "Waitu mzee," akaniita kwa heshima ya kwetu, "hayo matairi au vitumbua?"

Wakaja wengine wakasukuma. Tukatandika majani ya migomba, yakatafunwa na kutemwa. Simu ikaita tena. "Baba, wageni wanauliza. Wanasema wana safari ndefu ya kurudi."

Dada alikuwa ananitazama kupitia dirishani. Hata wakati ule ningeweza kusema tumenasa, tuleteeni gari. Nikasema, "Tumebakiza kidogo."

Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Matairi yalininasisha mlimani, lakini kinywa changu ndicho kilichotubakiza pale.

Dada alifungua mlango mwenyewe. Bodaboda mmoja alikuwa anapanda mlima ule, amefunga mnyororo kwenye gurudumu la nyuma, anapita kama hakuna kitu. Dada akamsimamisha.

"Dada, nyonga yako," nikasema.

"Nyonga ni yangu. Wewe kaa na herufi zako."

Akapanda kwa shida, uso umekunjamana, kifurushi amekikumbatia, kitenge kipya kikiburuzika topeni. Mimi nilitolewa na trekta la shamba baadaye sana.

Hakuwahi. Wageni waliongojea "kidogo" yangu walichoka, na wazee wakaamua binamu yetu wa kike apitishe kikapu, kwa kahawa iliyonunuliwa sokoni. Dada aliingia wakati watu wanakula. Binti yangu aliniambia kwamba shangazi yake aliwapita wageni moja kwa moja. Alikwenda jikoni, akakaa kwenye kigoda, akafungua jani lake, akawagawia wapishi ile kahawa, punje kwa punje, mpaka ikaisha.

Siku iliyofuata nilikwenda dukani kwa jirani. Nilitegemea anicheke, na nilikuwa nimejiandaa kwa hilo. Hakucheka. Alisema tu, "Nilikuwa nimeshawasha, mzee wangu. Nikaambiwa mnakaribia, nikazima." Nikanunua matairi ya kashata manne, nayo yanapiga kelele mpaka siwezi kusikia redio. Yale ya theluji nilimpelekea fundi wa katambuga, viatu vya mpira wa tairi, ayakate yawe ndala. Akaubonyeza mpira, akanirudishia. Alisema zitaisha kabla mtu hajafika kanisani.

Dada hakupanda tena gari langu. Nilimwambia nimebadilisha matairi, nikamwita aje aone meno yake. Akasema ameona meno ya kutosha. Sebuleni kwa binti yangu kuna picha ya siku ile. Aliyeshika kikapu ni binamu yetu, anatabasamu vizuri tu, na hana kosa. Kila ninapokaa pale huchagua kiti kinachoipa mgongo.

Mwezi uliopita binti yangu alijifungua. Nilimwomba jirani amfuate dada Kamuli ampeleke kumwona mtoto, na mimi, nisije nikafika na gari langu mbele yake, nikaamua kwenda kwa basi. Nilikuwa nimesimama barabarani na mwavuli, mvua inaanza, gari la jirani lenye kelele liliposimama mbele yangu. Dada alikuwa kiti cha mbele, na mapajani mwake kulikuwa na kifurushi cha jani la mgomba.

"Shikamoo dada."

"Marahaba." Hakunitazama. Alimuuliza jirani, "Haya ndiyo matairi yenye meno?"

"Ndiyo yenyewe, bibi."

Akasikiliza mvua juu ya bati la gari. Kisha akasema, bado anatazama mbele, "Basi na huyu apande. Ila simu ikiita, apokee mwingine."