Wimbi Lililochoka

Nakumbuka asubuhi moja ya jua kali, mwanangu, nikiwa bibi arusi mpya pale Kyavinyonge, nilipochukua jembe alilonipa mama yangu na kuanza kufyeka matete yaliyoota kati ya nyumba ya mama mkwe na Ziwa Edward. Nilifyeka nikiimba. Mtu akikosea huku analia utamhurumia. Mimi nilikosea nikiimba wimbo wa misa, tena sauti ya pili.

Nakusimulia hili leo, Kavira, mjukuu wangu, kwa sababu wiki ijayo unaondoka hapa Butembo kumfuata mume wako Moanda, kule nchi yetu inapogusa bahari. Juzi ulinionyesha video kwenye simu yako: ukingo mwekundu unamomonyoka, mti unaangukia majini na mizizi yake, watu wamesimama wanatazama. Ukaniuliza, "Koko, bahari iko nakula udongo, mimi nitaishi kule namna gani?" Bahari sijawahi kuiona. Lakini upepo na wimbi nilifahamiana navyo nikiwa na umri wako, na hatukuanza vizuri.

Kwanza nikukumbushe tulikotoka. Sisi ni watu wa milimani, na kwetu kiwanja chenye majani ni kama matusi. Mama yangu akipita mbele ya nyumba ya jirani na kuona jani moja linachungulia, aliuliza kama mwenye nyumba ni mgonjwa. Msichana alipimwa kwa ufagio wake. Siku ya kuolewa kwangu, mbuzi wa mahari wakilia nyuma ya nyumba, mama alinikabidhi lile jembe akasema, "Hapana kutupatisha haya." Nikateremka nalo mpaka ziwani, kwenye joto ambalo mwili wangu haukulijua.

Nikakuta nini? Matete marefu kuliko mume wangu, yameanza majini yakapanda mpaka karibu na mlango wa jiko. Mbu walilala humo. Jua likizama viboko walipita humo wakikoroma, nami najikunja kitandani. Mume wangu Kambale, babu yako, alikuwa fundi wa mitumbwi, na siku zile alikuwa amekwenda Manguredjipa kutafuta mbao. Mama mkwe alikuwa amepanda Butembo kuuza samaki wake wa moshi. Nikabaki peke yangu na jembe na hamu ya kupendwa. Hamu ya kupendwa ni kitu kizuri, mwanangu, ila macho yake hayaoni mbali.

Majirani walipita, wakanitazama, wakanisalimu kwa adabu, wakaenda zao. Nikadhani wananisifu moyoni. Kumbe pale bibi arusi haonywi na kila mpita njia. Mwenye kumwonya ni mama mkwe, na mama mkwe hayupo. Heshima ikawafunga midomo. Tangu hapo, nikiona watu wananyamaza wakati natenda jambo, nawauliza sababu, hata wakiniona kikongwe msumbufu.

Mama mkwe aliporudi alitua kapu lake mlangoni. Akatazama ziwa, ambalo sasa lilionekana lote, linameta. Nikangoja sifa. Akaomba maji ya kunywa. Akanywa taratibu, akanirudishia kikombe, akasema "Wasingya", ndiyo asante yetu, kisha akaomba maji mengine, safari hii ndani ya beseni kubwa la kufulia.

Alinikalisha chini mbele ya beseni. "Pepea maji na pumuzi yako, pale karibu na ukingo," akasema akionyesha upande wa mbali. Nikainama juu ya ule ukingo wa mbali na kupuliza. Maji yakakunjamana kidogo tu.

"Sasa rudi huku kwako. Puliza tangu huku, ipite beseni yote."

Nikapuliza mpaka mashavu yakauma. Maji yakakimbia, yakagonga ukingo wa pili, tone likamrukia kwenye kitenge.

"Umeona? Wimbi inazaliwa kidogo, inakomala njiani. Upepo ya kiangazi iko natoka kusini, kule Vitshumbi. Inasukuma maji ya ziwa yote mpaka huku kwetu. Wimbi yenye kufika hapa ilishakula njia murefu."

"Lakini Mama, kule kwetu kiwanja yenye majani ni haya," nikasema.

"Kwenu ni mulima, mutoto yangu. Huku hii majani iko nafanya kazi. Wimbi inaingia mu matete na nguvu, inatoka imechoka. Kitu yenye kuchoka hapana kubomoa nyumba. Donc, basi, wewe ulifukuza mulinzi, juu ya kuwa hakuvaa uniforme."

Akacheka kidogo, mimi nikatamani ardhi inimeze. Angenifokea ningepumua. Lakini yule mama hakuwa mtu wa kufoka. Alikuwa mtu wa kukufanya ulione kosa lako kwa macho yako mwenyewe, jambo linalouma zaidi na kupona vizuri zaidi.

Jioni zilizofuata alinifundisha pepo za pale kama mtu anavyofundishwa ndugu wa mume. Mchana jua linapasha nchi kavu, hewa yake inapanda, na upepo wa ziwani unakuja kujaza nafasi. Usiku milima inapoa, upepo unateremka kuelekea majini. Hizo mbili ni majirani, hutembeleana na kurudi kwao. Lakini ule wa kusini wa kiangazi ni mgeni asiyejua kuaga, na ndiye anayeleta mawimbi makubwa.

Mgeni huyo akaja. Wahenga walisema bandu bandu huisha gogo, nami niliona kwa macho. Wimbi halikubomoa kwa siku moja. Lilimega konzi ya udongo hapa, konzi pale, kesho likaendelea lilipoachia. Lilichukua kwanza jiwe letu la kufulia. Kisha, alasiri moja, kibanda cha kukaushia samaki kikaegemea upande, kikapiga magoti, kikaingia majini na trei zake zote. Kibanda kile ndicho kilichomlea mume wangu baada ya baba yake kufa. Sasa ikabaki nyumba tu, iliyojengwa na mikono ya marehemu, na kati yake na maji pakabaki mahali pa kutandika mkeka tu. Mama mkwe hakuwa na nyumba nyingine duniani.

Nikafunga furushi langu. Nilijua la kutokea: nitarudishwa Butembo, mbuzi watadaiwa, na mama yangu atainamisha kichwa mbele ya majirani ambao alikuwa akiwahesabia majani. Mama mkwe akanikuta kwenye kizingiti.

"Unaenda wapi?"

"Nyumbani, Mama. Yenu nimeibomoa."

"Na matete, nani atapanda? Mimi, na hii mugongo?" Akalichukua furushi mkononi mwangu, akaliweka chini, akalikalia. Ndiyo, mwanangu, alilikalia kabisa, kwa uzito wake wote, akakunja mikono. "Hapana kulia. Machozi haioteshaka matete."

Nilimpenda kuanzia saa ile. Nilikuwa nimemheshimu, kumpenda kulianza pale, akiwa amekalia nguo zangu.

Jioni hiyo alizunguka nyumba kwa nyumba akitangaza jambo moja: "Bibi arusi yetu anaomba kufundishwa." Basi! Midomo iliyokuwa imefungwa ikafunguka yote kwa pamoja. Wanawake walikuja na mashauri waliyoyabana kifuani kwa miezi, kila mmoja na lake. Wakanipeleka kwenye ghuba ndogo ng'ambo ya pale, tukachimba mizizi ya matete bila kulimaliza shamba la Mungu, tukaibeba ikiwa bado na tope. Tulipanda alfajiri, kabla upepo wa ziwani haujaamka, kwa jembe lilelile lililofyeka. Mbele ya matete hayo tukapanga magunia ya mchanga.

Kambale akarudi na mbao za mtumbwi. Akatazama ufuko, akanitazama mimi, akamtazama mama yake. Mama akatikisa kichwa kumkataza kusema. Akachukua mbao alizozitafuta kwa jasho mpaka Manguredjipa, akazikita ndani ya tope ziwe uzio wa kuyakinga matete machanga. Mtumbwi ukangoja.

Nusu ya tulichopanda ilisombwa, tukapanda tena. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mvua zikaja, upepo wa kusini ukalegea, machipukizi yakashika, mwisho yakaanza kusimama yenyewe. Na kiangazi kingine kilipofika nilikaa mlangoni usiku na mchana, nasikiliza. Mwaka uliotangulia maji yalipiga kofi. Mwaka huo niliyasikia yakiingia kwenye matete, yakinong'ona, yakifika kwetu hayana hasira tena. Na kila yaliporudi yaliacha mchanga kidogo, kwa sababu maji yaliyochoka huweka chini mzigo wake. Mchanga ukajaa nyuma ya matete, ufuko ukaanza kurudi. Nikapiga vigelegele peke yangu kama mwendawazimu, mama mkwe akaniuliza kutoka ndani kama nimeona nyoka.

Yule mama alifariki akiwa mzee sana, kitandani mwake, ndani ya nyumba ileile. Hata leo imesimama. Shemeji yangu anakaa humo, na samaki wanataga mayai katika matete niliyoyapanda. Viboko nao bado wanapita, naye bado analalamika.

Sasa sikiliza, Kavira. Wanasema hali ya hewa imebadilika, mvua na pepo hazishiki tena kalenda yake. Ni kweli, hata hapa Butembo tunapanda maharagwe kwa kubahatisha. Lakini hiyo ni sababu ya kuuliza zaidi, si sababu ya kukunja mikono. Ukifika Moanda, kabla ya kuuliza ufagio uko wapi, uliza upepo unatoka wapi. Nasikia huko kuna miti inayosimama ndani ya maji kwa mizizi yake. Usiruhusu panga liiguse kabla hujajua inafanya kazi gani. Kila kitu unachokikuta mahali kilikuwa na shughuli kabla hujafika wewe. Tena usingoje watu wakuonye, kwa maana mgeni hunyamaziwa; sema wazi kwamba unaomba kufundishwa, utaona midomo itakavyofunguka. Na kama utakosea, maana utakosea, wewe ni damu yangu, usifunge furushi. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kaa, upande tena.

Ningekupa lile jembe, ila nasikia kwenye ndege hawalipendi. Mpini wake nimeubadilisha mara nyingi; nitabaki nalo mimi, nawe utakapokuja kujifungua utalikuta nyuma ya mlango.

Nenda, mwanangu. Mungu akutangulie barabarani na angani. Akupe mama mkwe mwenye kujua kukalia furushi. Akupe majirani wenye ulimi na wewe masikio. Na wimbi lolote litakalotumwa kwako kutoka mbali, likifika mlangoni pako, liwe limechoka.