Koti la Mkwe Wangu

Andika, mjukuu wangu, wala usinipunguzie aibu.

Kwetu Bungoma mama mkwe hatafuni mbele ya mkwewe, sembuse kumwachamia kinywa. Juma lililopita, mjini Kitale, daktari alikuwa akiosha mizizi ya jino langu kwa dawa ya kuua viini, yenye harufu ileile ya dawa ya kung'arishia nguo, babako alipofungua mlango. Alikuwa amevaa koti jeusi, jipya, la mazishi ya babake kesho yake.

"Mama, bado?"

Kwa heshima nikafumba kinywa, nikamuuma daktari kidole. Dawa ikamwagika ulimini, ikaniunguza.

"Kukhu, tema! Usimeze!" daktari akapaaza sauti, akiniita bibi kwa lugha yetu.

Nikatikisa kichwa. Ningetemaje mbele ya mkwe? Naye, kwa huruma, akainama anishike bega. Hapo nikakohoa, dawa yote ikamrukia kifuani.

"Si kitu, mama," akasema, huku weusi wa koti ukigeuka wekundu, kisha weupe.

Kando ya kaburi, wazee walimuuliza ni nani aliyemharibia koti la msiba.

"Nilijimwagia mwenyewe," akajibu.

Nami, niliyewafundisha nyote kusema kweli, nikafumba kinywa tena.