Marobota Yaliyokaa Upande

Nyasi za ng'ombe wetu niliziharibu mimi, wala si mvua.

Tulizifyeka bondeni nyuma ya Mikindani, tukazianika siku tatu, tukizikusanya kila manyunyu yalipokuja na kuzitandaza tena. Siku ya nne mama na mimi tulizishindilia ndani ya sanduku la mbao, tukafunga marobota tisa kwa kamba ya katani. Hayo ndiyo yangemlisha ng'ombe mpaka azae. Lakini yalikaa upande, na kwenye video za simuni nilikuwa nimeona yaliyonyooka kama matofali. Nikaanza kuyafungua.

"Mwanangu, ng'ombe hula kwa mdomo, si kwa rula," mama alisema. "Yaingize ndani."

"Nipe nusu saa tu, mama."

Nilikuwa nimefungua yote na kufunga upya mawili, mvua ikashuka. Nyasi zilizobaki zililowa, zikaota ukungu.

Mama hakunigombeza. Sasa kila asubuhi anainama kando ya barabara ya malori, akikata nyasi zilizojaa vumbi, na ng'ombe anazidi kukonda. Mimi hushika gunia. Hata hapo najikuta nazipanga zielekee upande mmoja, na siwezi kuacha.