Kobe Waliofutwa Migongo

Ofisini walimwita Mama Kobe, wakidhani wanamtania. Yeye akaitika tu. Kazi yake ilikuwa kukadiria idadi ya kobe wa kichakani pasipo kuwahesabu wote, maana nani ataweza? Hukamatwa wachache, wakapakwa doa jekundu mgongoni, wakaachiwa wachanganyike na wenzao. Baada ya majuma kadhaa hukamatwa tena wengine. Wakija wengi wenye doa, ujue kobe ni haba. Wakija wengi wasio na doa, ujue wako tele. Mwaka huu jibu lilikuwa zito: wakionekana tele, kichaka kingefunguliwa kwa wafanyabiashara waje wawazoe.

Msaidizi wake alikuwa mdogo wake, kitinda mimba, aliyefiwa na mama siku ile ile ya kuzaliwa. Dada ndiye aliyemlea, akamsomesha, akamwombea kazi, akampa hata ufunguo wa banda walimolala kobe wakingoja kuhesabiwa.

Asubuhi ya kuhesabu, migongo ilikuwa mitupu. Doa moja hapa, jingine kule.

"Hongera, dada! Wamejaa tele hawa," mdogo mtu akasema, akicheka.

Mama Kobe naye alitaka kucheka. Mara akamwona kobe mmoja ajuza, gamba limemeguka ubavuni. Huyu alimpaka doa kwa mkono wake, akamtania kwamba anarembwa uzeeni. Sasa mgongo ulikuwa safi. Akamwinua, akamnusa. Petroli. Akaushika mkono wa mdogo wake, akaunusa nao.

"Hao wafanyabiashara wamekupa nini?"

"Dada, ni kobe tu."

"Nimekuuliza, wamekupa nini?"

"Si wewe mwenyewe ulinifundisha? Madoa yakipungua, kobe wanaongezeka."

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakusema utafanyaje ikiwa nguo yenyewe umeishona wewe. Mama Kobe akaketi juu ya ndoo, akalia kwa hasira.

"Yaishe nyumbani, dada," mdogo mtu akanong'ona. "Mimi damu yako."

Dada akajifuta uso kwa kanga, akamkumbatia yule ajuza mpaka ofisini, akamweka mezani kwa mkuu, akaeleza yote isipokuwa moja.

"Ufunguo wa banda alikuwa nao nani?" mkuu akauliza.

Mama Kobe akalitaja jina lote la mdogo wake, jina alilompa yeye mwenyewe siku mama yao aliposhindwa kusema.