Paka Wangu Anaitwa Karibu

Haya niliyaona kwa macho yangu mawili, na sikuwa usingizini. Wenzangu wakisimulia mambo ya namna hii huanza na usiku wa manane, giza totoro, mbwa wanalia. Langu lilitokea saa kumi alasiri, jua la kwetu Utange, Kisauni, likiunguza bati la zizi, nami nimeshika ndoo ya maziwa. Kama wewe huamini mpaka pawe na giza, tafuta mtu mwingine akusimulie. Mimi nasema nilichokiona, na ukinibishia nitakubishia pia.

Nafuga ng'ombe wa maziwa. Zizi niliachiwa na mama yangu, Mungu amrehemu. Wakati ule nilikuwa na ng'ombe sita wazima na ndama watatu, na katika hao ndama nilimpenda mmoja kupita kiasi, anaitwa Subira. Mama yake Subira ni Zaituni, na Zaituni ndiye ng'ombe wa mwisho aliyekamuliwa na mkono wa mama yangu. Alikuwa keshazeeka, daktari wa mifugo akaniambia hazai tena. Kwa hiyo Subira akipotea, uzao wa ng'ombe wa mama umekwisha. Naomba hilo ulishike.

Sasa paka. Huyu alikuja mwenyewe, mdogo wa kutosha kiganjani, rangi ya majivu, nikamkuta amelala kwenye magunia ya pumba. Kama hujawahi kufuga ng'ombe hujui kwamba ng'ombe ni wambea. Ukiweka beseni jipya zizini, wote sita watakuja kulinusa. Ukitundika mwavuli, watausimamia kama unatoa habari. Basi kipaka kilipotokeza nje siku ya kwanza, walikizunguka, pua sita zenye maji zikakishukia kwa pamoja. Wewe ungekimbia. Yeye alikaa kitako, akainua mkono, akamzaba Zaituni kofi la pua. Zaituni akapepesa macho, akarudi nyuma hatua mbili. Tangu siku hiyo zizi likawa na mwenyewe.

Asubuhi hukaa ukingoni mwa hori akiwatazama wanavyokula, kama mnyapara. Mchana Zaituni akilala kucheua, yeye hupanda mgongoni kwake akalala pale juu. Ndama ndio humchosha. Wanamlamba mpaka manyoya yanamsimama upande mmoja, anavumilia, anavumilia, kisha anawapiga kofi lisilo na kucha, nao wanaruka huku na huku kwa furaha. Subira alimganda zaidi. Wakati wa kumkamua mama yake, ndama inabidi afungwe kando, na Subira alikuwa hatulii kambani mpaka paka aje kukaa mbele yake. Wakitazamana tu, basi, kimya. Nakamua kwa raha.

Na jina? Jina sikumpa mimi. Wateja wangu huja alasiri na vyombo vyao. Mtu akifika langoni hupiga hodi, nami nikiwa chini ya ng'ombe hujibu "Karibu!" bila hata kugeuka. Mteja akiingia maziwa hupimwa, na yakipimwa hayakosi kumwagika kidogo. Paka akajumlisha mwenyewe. Kila nikisema "Karibu!" yeye hutimua mbio, mkia juu, akiamini ameitwa yeye. Nilijaribu kumwita Simba, hakugeuza hata sikio. Nikasema haya, umeshinda, wewe ni Karibu.

Kaka yangu Athumani, anayekaa Mtopanga, hakulipenda jina hilo tangu siku aliyolisikia.

"Dada, neno hilo si la kumpa mnyama. Iko siku utamkaribisha usiyemjua."

Nikamwambia kama jina lina kasoro aende akazungumze na paka. Nilicheka sana siku hiyo.

Sasa nifuate. Siku yenyewe mvua ilikuwa imenyesha asubuhi, zizi lote tope na samadi. Wateja walikuwa hawajaanza kufika. Nimekaa kigodani, paji la uso nimeliegemeza ubavuni mwa Zaituni, nakamua. Subira analia, anavuta kamba, kwa sababu paka haonekani. Nikapaza sauti.

"Karibu! Karibu, njoo! Karibu wewe!"

Mara tatu. Nyuma yangu nikasikia:

"Ahsante, mwanangu. Nimekuya."

Nikageuka. Mwanamke wa makamo, buibui la kizamani, amesimama ndani ya lango. Lango langu lina mnyororo wenye kutu unaolia mpaka kwa jirani, nao sikuusikia. Lakini utamfikiriaje mtu vibaya mchana kweupe? Nikafanya adabu.

"Shikamoo, bi. Umekuja kwa maziwa?"

Hakusema marahaba. Hakutoa salamu. Akatabasamu tu.

"Nalibisha hodi. Ukanikaribisha mara tatu."

Maneno yalikuwa ya Kimvita cha kale, kile nilichokisikia mara ya mwisho kwa bibi yangu. Kwa sauti ile ungempenda. Kilichonishtua ni ng'ombe. Si nimekwambia ni wambea? Mgeni akiingia zizini huendewa na ng'ombe wote, akanuswa mpaka viatu. Huyu hawakumwendea. Ng'ombe mmoja alipita karibu naye kabisa akienda kunywa maji, akapita kama pale pana upepo mtupu. Nikatazama vizuri. Nzi wamejaa zizini, wako kwenye ndoo, kwenye macho ya ng'ombe, kwenye mikono yangu, lakini kwake hakutua hata mmoja. Upindo wa buibui lake ulikuwa mweusi safi. Na kutoka langoni hadi aliposimama, kwenye tope lile, hapakuwa na unyayo.

Niamini. Nilitaka kusoma aya yoyote ile, hata ile ninayoisoma kila siku, na sikuikumbuka.

Akaenda moja kwa moja kwa Subira. Akamwekea mkono mgongoni, polepole, kama anayempapasa. Magoti ya mbele ya Subira yakakunjika. Akaanguka kwa kifua chake kwenye tope, ulimi nje, macho yamegeuka. Zaituni akapiga teke ndoo, maziwa yote yakamwagika. Na paka, aliyekuwa hajulikani alipo, nikamwona juu ya ukuta wa hori, mgongo kaupinda, mkia umevimba.

"Mgeni hupewa chake," akasema yule mwanamke. "Mimi sitaki makubwa. Nipa paka yule, ndama wako atainuka."

Nitakwambia ukweli, maana kisa cha kweli hakisimuliwi nusu. Nilitaka kumpa. Nilisema moyoni, paka ni paka tu, Kisauni nzima wamejaa, na Subira ni mmoja. Wewe ungefanyaje? Nikamtazama paka, naye akanitazama. Hakukimbia. Angeweza kuruka ukuta akaenda zake, lakini alikaa pale ukutani, juu ya alipoangukia Subira, anatetemeka na hatoki. Nikaona aibu. Na baada ya aibu ikaja hasira. Huyu nani? Kaingia bila salamu, shikamoo hakuipokea, kamshika ndama wa watu bila ruhusa, na sasa anachagua kama yuko sokoni! Hasira zikanipanda.

Nikasimama. "Wewe hukukaribishwa," nikamwambia. "Karibu ni jina la paka. Niliyemwita ni yeye, wewe umeitikia la mwenzio."

Akacheka. "Neno ni neno, mwanangu. Ulilitamka, mimi nikalisikia."

"Haya. Kama paka ni wako, mwite. Mwite kwa jina lake. Akikufuata, mchukue."

Usidhani nilijua ninachokisema. Wallahi ulikuwa ubishi tu, ubishi wa kwetu ambao mama aliupigia kelele miaka yote. Lakini tabasamu lilimtoka usoni. Akamwelekea paka, akafungua kinywa, midomo ikahangaika kulitafuta lile neno. Kilichotoka ni:

"Hodi."

Paka hakutikisika. Hapo nikaelewa. Yule kazi yake ni kuomba kuingia. Kukaribisha hawezi, hana kwake pa kumkaribisha mtu.

Sasa nisikilize. Mimi nimelelewa kwamba hodi haijibiwi hapana. Mama yangu, hata siku ambazo nyumbani hapakuwa na kitu ila strungi, chai ya rangi isiyo na sukari, akibishiwa hodi alisema karibu, akatandika mkeka. Katika maisha yangu yote sikuwahi kumjibu mtu vinginevyo. Neno lilikuwa zito mdomoni, nikalisukuma kwa nguvu.

"Hapana," nikasema.

Akageuka kunitazama mimi. "Hodi," akasema tena, kwa ukali.

"Hapana. Rudi ulikotoka."

Subira akakoroma kwenye tope. Yule mwanamke akaniinamia kidogo, na ya tatu ikaja kwa sauti nyingine.

"Hodi, mwanangu."

Ilikuwa sauti ya mama yangu. Si kufanana, ni yenyewe, pamoja na kile kikohozi chake kidogo cha mwisho wa maneno. Miaka minane nilikuwa sijaisikia. Machozi yalinitoka hapo hapo, na mikono ikaniinuka yenyewe kama nataka kumpokea mzigo. Nusura. Nakwambia nusura niseme lile neno, tena kwa furaha.

"Hapana," nikasema huku nalia. "Mama yangu hapigi hodi hapa. Hapa ni kwake."

Hakuyeyuka, hapakuwa na moshi wala kishindo. Nilipangusa macho, nilipoyafungua nikawa natazama lango tu, yeye hayupo, na mnyororo umefungwa kama nilivyoufunga mimi. Subira akainuka kwa miguu ya nyuma kwanza, akajipukuta tope, akalia kwa njaa. Paka akashuka ukutani, akaenda kumnusa pua. Kisha ng'ombe wangu, mmoja baada ya mwingine, wakaja pale alipokuwa amesimama, wakanusa ardhi kwa muda mrefu sana.

Hiyo imekwisha, lakini haikwisha. Mgongoni mwa Subira, mwekundu mtupu yule, pameota manyoya meupe upana wa kiganja, na vidole vinaonekana. Njoo uone mchana, simfichi. Keshazaa mara mbili na maziwa anatoa vizuri. Wateja kadhaa walinikimbia, wakasema ni maziwa ya jini. Waende. Mimi nayanywa kila asubuhi, na hivi ndivyo nilivyo, nina afya kuliko wao.

Athumani alikuja na gunia. Alitaka kumtia paka ndani, avuke naye feri, akamtupe ng'ambo ya Likoni asikojua njia ya kurudi. Nikasimama langoni kumzuia.

"Kaka, ukiingia na gunia hilo utatoka umelivaa."

Akaliweka chini. "Basi mbadilishe jina tu, dada. Kwa usalama wako."

Sikubadilisha. Kosa halikuwa la jina, lilikuwa la kinywa changu kilichozoea kujibu bila macho kutazama. Na zaidi ya hayo, ni jina hilo hilo lililomshinda yule mgeni kutamka. Nibadilishe kwa nini? Nimwite Simba ili yule akirudi apate la kusema?

Maana hurudi. Mara moja moja, saa kumi hiyo hiyo kabla ya wateja, nasikia hodi nyuma ya ukuta. Siku nyingine kwa sauti yake, siku nyingine kwa sauti ya mama. Subira husimamisha masikio. Mimi hushika ndoo yangu nikaendelea kukamua, na sijibu. Namtazama paka. Zamani alikuwa akitimua mbio, siku hizi huenda kwanza mpaka tundu la lango, akachungulia. Akiwa ni mteja, mkia hupanda juu. Akiwa ni yule, hurudi akalala mgongoni kwa Zaituni, nami najua.

Watu wa mtaani wanasema nimekosa adabu, mtu anabisha hodi mara tatu na mimi kimya. Semeni. Nawe uliyenisikiliza mpaka hapa, nyumbani kwako fanya hivi: kabla hujasema neno lile, inua kichwa utazame ni nani. Na likikuponyoka, usitoe chako kwa kuogopa kuonekana huna heshima. Hapana nayo ni jibu, hata ikikuliza.

Ukija kwangu, piga hodi kisha utulie. Paka akitoka kukutazama, mkia juu, ingia, umekaribishwa. Asipotoka, usibishe tena.