Honi Tatu za Mnazi Mmoja

Siku yangu ya kwanza kazini, kituo cha mabasi Kariakoo, kondakta mmoja mkongwe alininong'oneza siri: basi letu likipiga honi tatu pale Mnazi Mmoja, nahodha wa pantoni kule Kivukoni husikia na kuwangoja abiria wetu wa Kigamboni. Niliamini kabisa. Nilikuwa nimetoka kufaulu masomo ya jioni, na mtu mwenye cheti hadanganywi ovyo.

Nilikuwa mtunza ratiba. Nilipewa filimbi ya kuamsha Bagamoyo nzima na saa yenye uzito wa tofali. Nauli ilipangwa kwa vipande vya njia. Aliyetoka Ilala akabadili basi kwetu alishika tiketi ya kuunganisha, asilipe upya. Kwa hiyo basi la Kivukoni halikutoka mpaka la Ilala lifike. Hapo ndipo kichwa kilinizunguka. Ilala nao walimngoja nani? Nikamuuliza Mkuu wa Ratiba.

"Uratibu upo, ndugu," akasema, macho kwenye faili.

"Hata na pantoni, mzee?"

"Si nimekwambia upo?"

Nikatulia.

Alasiri moja ikikaribia, akaja Mzee Akida, fundi cherehani aliyeshona sare zetu. Nikamwamkia.

"Marahaba. Mama amefariki, Kigamboni. Anazikwa baada ya sala ya alasiri. Nitembee mpaka Kivukoni, au ningoje basi?"

"Pole sana, mzee wangu. Kaa kitini. Pantoni haiondoki bila sisi."

Akakaa. Basi la Ilala likachelewa. Mimi na sheria yangu tukalingoja.

"Ndugu mratibu, unangoja bibi harusi?" mama mmoja akauliza dirishani. Watu wakacheka, isipokuwa Mzee Akida.

Hatimaye tukatoka, nami nikapanda ili nihakikishe honi. Mnazi Mmoja dereva akapiga tatu, na mimi nikaongeza filimbi. Tulipofika Kivukoni, pantoni ilikuwa katikati ya maji.

Mzee Akida aliitazama, kisha akanitazama mimi. "Ningetembea ningekuwa ndani yake," akasema taratibu. Akashuka kutafuta mtumbwi. Baadaye nilisikia alifika wakimwagia kaburi maji.

Nilifanya kazi ile mpaka nywele zikawa pamba, na tangu siku hiyo abiria akiniuliza nilimtajia saa tu. Ahadi sikumpa mtu. Nyinyi mnaopanga safari za watu leo, kamuulizeni mwenzenu wa upande wa pili kwa mdomo wenu. Mimi niliuliza nikiwa nimechelewa, siku ile ile pantoni iliporudi.

"Nahodha, mbona leo hukungoja honi zetu?"

"Honi gani?"

"Tatu. Za Mnazi Mmoja."

Akaniangalia kama anayemwonea mtu huruma. "Bwana mdogo, injini hii ikinguruma simsikii hata aliyesimama kando yangu. Magari yakijaa, naondoka. Habari za basi lenu hakuna aliyewahi kuniambia."